Kazi ya Nne

Wanaoogopa majini ya usiku na walale salama, maana hili lilikuja saa tisa na nusu alasiri, watu wameshiba na feni inazunguka.

Fundi wa kompyuta wa ofisi ya ramani alikuwa mwanamke asiyetaka hata kukisikia kipanya. Mambo yake yote aliyafanya kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Amri ndefu aliipeleka nyuma, ikajiendesha kimyakimya huko isikoonekana, naye akashika nyingine. Siku hiyo alikuwa amepeleka nyuma kazi tatu za kupunguza ukubwa wa picha za ramani. Alipoomba orodha, dirisha likamwonyesha nne.

Ya nne haikuwa na jina. Ilikuwa na namba yake na neno moja: inaendelea.

"Umegusa mashine yangu?" alimuuliza mdogo wake, aliyekaa meza ya pili akiingiza majina ya mito.

"Na tumbo hili? Hata kiatu changu sikifikii."

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mbili za kwanza ziliharibika, na hii dada mtu aliilinda kama yai.

Mzee Kamba, fundi aliyestaafu, alikuwa amemfundisha kutoua kazi asiyoijua: ilete mbele, igandishe, uichunguze. Akaileta mbele. Dirisha likabaki tupu, na chumbani kukaingia harufu ya maziwa yaliyolala. Akabonyeza vitufe viwili. Orodha ikasema: imesimama.

"Dada," mdogo mtu akanong'ona baada ya kitambo. "Mtoto ameacha kucheza."

"Amelala huyo."

"Hajalala. Amekatika katikati ya teke."

Fundi aliogopa, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Akaiamuru kazi ya nne irudi nyuma na iendelee, na kabla hajautoa mkono kwenye kitufe akamsikia mdogo wake akishusha pumzi ndefu na kusema kwa sauti ya kulia kwamba ameanza tena, ameanza tena kutoka palepale alipokomea.

Akatoka hadi ukumbini na kumpigia Mzee Kamba.

"Hilo ni jini, mwanangu," mzee alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Mimi lilinijia mara moja, nikaliua bila kuliuliza limemshika nani. Jioni hiyo nikamzika mke wangu. Usiliue."

"Sili... siliui, Mzee. Lakini saa kumi mtambo mkuu wa ofisi unafunga madirisha yote wenyewe, na dirisha langu likifungwa zinakufa kazi zake zote. Mwenye funguo za mtambo yuko safarini. Zimebaki dakika tisa."

Mzee akashusha sauti zaidi.

"Basi likane. Amri ya kukana unaijua. Litatoka kwenye orodha yako, dirisha likifungwa halitakufa. Ila hutaliona tena, wala hutaweza kulisimamisha."

"Litakwenda wapi?"

"Usiniulize hilo, mwanangu."

Aliporudi, ile harufu ilikuwa imekolea, na kutoka kwenye mashine, nyuma ya mlio wa kawaida wa feni, palisikika pumzi ndogondogo za haraka, zinavuta, zinaachia, na kila zilipovuta blauzi ya mdogo wake iliinuka juu ya tumbo, na kila zilipoachia ilishuka, na mdogo wake hakuwa na habari, alikuwa akiandika majina ya mito na kujiimbia, na saa ya ukutani ilisema zimebaki dakika mbili.

Akaandika amri. Akalikana.

Pumzi zikanyamaza. Saa kumi dirisha likajifunga. Alipofungua jipya orodha ilikuwa tupu, na chumba kilinuka karatasi na wino kama siku zote. Fundi akaenda kupiga magoti kando ya kiti cha mdogo wake, akaweka kiganja tumboni.

"Anacheza?"

"Anacheza sana," mdogo mtu alisema, akicheka kidogo. Kisha akauchukua mkono wa dada yake, akausogeza upande wa pili wa tumbo, na kicheko kikamwishia mdomoni. "Mtoto wangu ni yule wa upande ule, dada. Huyu hapa simjui. Na daktari wakati wa kipimo alinionyesha mmoja tu."

Chini ya kiganja cha fundi, kitu kilivuta pumzi.