Kompyuta Mbili Zilizosubiri Shikamoo

Kila Jumamosi, nikishakata majani ya ng'ombe, nilishuka shuleni na Yoramu, mtoto wa baba mdogo, tukajifungia kwenye chumba cha kompyuta. Mwaka ule wa 2004 tulikuwa kidato cha pili, na kwa nini nisiringe? Tulikuwa tunaandika programu kwa Java!

Kazi yetu ilikuwa kutuma picha ya Bibi kutoka kompyuta yangu hadi ya Yoramu kwa waya mmoja. Programu mbili huongea kupitia soketi. Si ile ya umeme ukutani, bali mlango wa kupitishia data. Tulikubaliana salamu itangulie kama maandishi. Picha ingefuata kama baiti, yaani namba tupu, maana ukiituma kama maandishi inaharibika.

Siku ya wazazi ikafika. Mkuu wa shule alikuwa amesema wazi: picha isipopita, chumba kinarudi kuwa stoo ya mahindi. Nusu saa kabla ya wageni kuingia, tukajaribu programu zetu pamoja kwa mara ya kwanza. Kimya!

"Yako mbovu, Elinipendo," Yoramu akasema.

"Mbovu yako!"

Nikanong'ona, "Tuiweke picha kwako kwa disketi. Nani atajua?"

"Mimi nimeshajua," alisema Mwalimu Mektrida, aliyetufundisha kompyuta, akiwa nyuma yetu. "Haya, kila mmoja asome programu yake kwa sauti."

Nikasoma, "Subiri shikamoo. Ikifika, jibu marahaba, kisha tuma picha."

Yoramu akasoma, "Subiri shikamoo. Ikifika, jibu marahaba, kisha pokea picha."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Yoramu alinizidi mwaka mmoja, lakini baba yangu ndiye kaka mkubwa wa baba yake. Kila mmoja alijiona ndiye wa kuamkiwa, basi kompyuta zikakaa zinasubiriana.

Niliona aibu, jamani! "Nitaanza mimi," nikasema, nikabadilisha mistari yangu. Shikamoo ikaenda, marahaba ikarudi, picha ikapita nzima.

Bibi alipoingia akajiona kwenye kompyuta ya Yoramu, amesimama kwenye migomba yake. Akapiga kigelegele, wazazi wote wakapiga makofi. "Wajukuu zangu hao!" Mkuu wa shule akamkabidhi Mwalimu ufunguo wa chumba palepale.

"Mngetumia disketi," Mwalimu alituambia, "mngepigiwa makofi ya uongo, na kosa lingebaki palepale. Mmelikubali na kulirekebisha wenyewe. Makofi haya ni yenu, yapokeeni."

Tukayapokea, vichwa juu.