Majivu ya Mzee Kang

Mtungi wenye majivu ya Mzee Kang Wan-te uliibwa asubuhi ya mvua, kati ya uwanja wa ndege wa Taoyuan na mlango wa nyumba yake mwenyewe mjini Taipei.

Hivyo ndivyo mwanawe, Kang Yi-hsin, alivyoandikisha maelezo katika kituo cha polisi cha mtaani kwao. Alikuwa amelowa chapachapa. Kitambaa cha msiba kilichobanwa kwa pini kwenye mkono wa shati lake kilikuwa kikidondosha maji sakafuni.

"Rudia," alisema Inspekta Shih Pao-chu.

"Afande, nimeshasema mara ngapi?"

"Rudia. Kichwa changu kigumu."

Yi-hsin akavuta pumzi. Alishuka kwenye ndege kutoka Saigon, akapanga foleni ya teksi. Mtungi ulikuwa umefungwa kitambaa cha njano, akauweka kiti cha nyuma. Walipokwisha kuvuka Daraja la Taipei, karibu kabisa na nyumbani, alimwomba dereva asimame mbele ya duka anunue ubani. Alipotoka, teksi hakuna.

"Dereva yukoje?"

"Mzee. Anatafuna tambuu. Meno mekundu kama ametoka kumla mtu."

"Namba ya gari?"

"Nani anasoma namba ya gari, afande, na baba yake yuko kiti cha nyuma?"

Inspekta Shih alisimama, akaketi, akasimama tena. Alikuwa mwanamke mfupi asiyejua kutulia. Bakuli lake la tambi lilikuwa limepoa juu ya mafaili tangu asubuhi. Msaidizi wake, Sajini Fu, mtu mnene na mpole, alizoea kuzungumza naye huku akimfuata kwa macho, kulia, kushoto, kama anayetazama mpira wa meza.

"Majivu ya mtu, nani anayataka?" aliuliza Inspekta.

"Wapo," alisema Fu. "Wanamchukua marehemu, kisha wanapiga simu. Toeni kitu au tunammwaga baharini."

"Basi simu ingekuwa imeshalia."

Simu haikulia. Aliyekuja ni mjane mwenyewe, Bi Kang, kikongwe mwenye mwavuli uliomzidi kimo. Hakusalimia mtu.

"Mume wangu alikwenda Vietnam kusimamia kiwanda cha samani," alisema. "Aliniambia mwaka mmoja. Imekuwa karibu ishirini. Nilimngoja akiwa hai. Sasa hata akiwa majivu nimngoje?"

Sajini Fu alimsogezea kiti.

Dereva alipatikana kabla ya saa sita mchana, kwenye foleni ileile ya uwanjani, akingoja abiria mwingine. Jina lake Tu Chin-fa. Gari lilipekuliwa hadi chini ya mazulia. Mtungi haukuwamo. Kamera ya kwenye kioo ilikuwa mbovu. Chama chake cha teksi kikambandulia stika ya kibali cha kupakia abiria uwanjani, palepale, wenzake wakitazama.

Mlangoni pa kituo waandishi wa habari walikuwa wanamngoja. Bi Kang naye alikuwa anamngoja. Alimpiga mwavuli wa bega.

"Mwizi wa wafu! Mrudishe!"

"Mama, sikumchukua!" Mzee Tu alijikinga kwa kofia. "Naapa kwa wajukuu zangu."

"Waapie hao hao, uone kitakachowapata!"

Kamera zilimulika. Inspekta Shih akamvuta mzee ndani, akafunga mlango wa chumba cha mahojiano.

"Ulimpakia huyu kijana?"

"Nilimpakia."

"Ulijua amebeba nini?"

"Hata mtoto angejua, afande. Kitambaa cha njano, na yeye ana msiba mkononi. Ila alinishangaza. Alitaka kuuweka kwenye buti."

"Kwenye buti?"

"Pamoja na tairi la spea! Nikamwambia, kijana, huyu ni mzee au ni begi? Nikamkalisha mwenyewe kiti cha nyuma, nikamfunga mkanda."

Sajini Fu akakohoa kuficha kicheko.

"Halafu?"

"Halafu kimya. Daraja la kwanza, kimya. Namtazama kwenye kioo, anaangalia dirishani. Nikamwambia, mwite baba yako, tunavuka maji. Maiti haijui njia, usipoiambia inabaki ng'ambo. Akasema, 'Wewe endesha gari.' Sasa mimi nifanyeje? Nikamwita mimi. Nikasema, 'Mzee, tunavuka daraja, shikilia, tuko pamoja.' Kila daraja, afande. Hata kwenye barabara za juu niliita, maana sijui chini kuna maji au hakuna."

"Na yeye?"

"Mwanzo aliniambia ninyamaze. Baadaye nikaona analia."

Inspekta Shih aliacha kutembea.

"Alizungumza na mtu?"

"Kwenye simu. Na mama yake, nadhani. Alisema, 'Ndiyo mama, namwita, kila daraja.' Nikajiuma ulimi. Si ugomvi wangu."

"Ulimshusha wapi?"

"Kabla ya Daraja la Taipei, upande wa Sanchong. Mvua inamwagika. Akasema atavuka kwa miguu na baba yake. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikasema moyoni, ah, sasa ameona haya, anataka kumwita mwenyewe."

"Mtungi aliuchukua?"

"Aliukumbatia kama mtoto mchanga."

"Nani aliwaona?"

Mzee Tu aliangalia mikono yake. "Hakuna. Afande, mke wangu anasafishwa figo. Gari hilohilo ndilo linalompeleka hospitali na ndilo linalomlisha. Hata mkiniachia kesho, nani atapanda gari la mwizi wa wafu?"

Picha ya mzee ilikuwa tayari kwenye televisheni ya mapokezi, kofia usoni, meno mekundu yakionekana.

Walipotoka hadi kwenye ujia, Inspekta alimuuliza Bi Kang jambo moja tu. Je, mwanawe alimpigia simu akiwa njiani?

"Mimi ndiye nilimpigia. Nilitaka kujua kama anamwita baba yake kwenye madaraja. Akasema anamwita. Yi-hsin ni mtoto mzuri."

Fu alingoja mpaka kikongwe alipokwenda zake. "Vijana wa siku hizi hawaamini mambo ya madaraja," alisema. "Kutokuita si jinai."

"Haamini, sawa. Kwa nini amdanganye mama yake?"

"Kumfurahisha."

"Na analia nini? Kamera ya lile duka inasemaje?"

"Inamwonyesha akiingia. Barabara haionekani."

"Anaingia mkavu au amelowa?"

Fu aliitazama picha upya. "Amelowa kama samaki."

"Ametoka kwenye teksi iliyosimama mlangoni?"

"Mvua ilikuwa kubwa, Inspekta."

"Haikuwa kubwa kiasi hicho."

Lakini shati lililolowa si ushahidi. Kulikuwa na neno la mtu dhidi ya neno la mtu, na mmoja wao alikuwa na meno mekundu na kamera mbovu. Mwendesha mashtaka angechagua nani, hilo halikuhitaji kufikiri. Inspekta Shih alizunguka meza yake mpaka Fu akaona kizunguzungu. Neno moja lilimkereketa kama mchanga ndani ya kiatu. Mtu hamweki baba yake pamoja na tairi la spea. Labda awe anajua si baba yake.

Kesho yake asubuhi, wafanyakazi wanaosafisha kingo za Mto Tamsui waliuokota mtungi kwenye matete, upande wa Sanchong, si mbali na daraja. Kitambaa cha njano kilikuwa kimejaa tope. Kifuniko kilikuwa bado kimezibwa kwa lakiri, na jina la Kang Wan-te lilikuwa limechongwa juu yake.

"Basi Mzee Tu kwisha," alisema Fu. "Aliogopa akautupa. Tuufungue?"

"Usiguse. Waite wenyewe, mama na mwana."

Bi Kang alishuka ukingoni karibu akimbie. Aliufuta mtungi kwa mkono wa koti lake, akicheka na kulia kwa pamoja, akimkaripia marehemu kwa kulowa. Yi-hsin alisimama mbali. Inspekta Shih alimtazama yeye, hakuutazama mtungi. Kijana alikuwa na uso wa mtu aliyemwona nyoka aliyekwisha kumuua jana.

"Twende nyumbani," alisema Bi Kang. "Moja kwa moja. Mtawa wa kumwombea anangoja."

Inspekta alishika usukani mwenyewe, Fu kando yake. Mama na mwana walikaa nyuma, mtungi mapajani mwa mama.

"Mkishamfikisha, Bi Kang, mtamweka wapi?"

"Kwenye mnara wa kuhifadhia majivu ya wafu, kule mlimani. Nimeshanunua nafasi ya wawili. Siku yangu ikifika nitalazwa ubavuni mwake. Kungoja kumekwisha, afande."

Yi-hsin alifumba macho.

Gari lilipanda daraja. Pikipiki ziliwazunguka pande zote, zikimiminika kuelekea mjini kama maji yaliyofunguliwa. Bi Kang akaupiga mtungi kofi dogo la mapenzi.

"Baba Yi-hsin! Tunavuka daraja! Nishike mkono, usibaki nyuma!" Akamgeukia mwanawe. "Nawe mwite."

Yi-hsin aligeukia dirishani.

"Mwite baba yako, mtoto wewe! Maji haya hapa chini!"

Inspekta alipunguza mwendo. Nyuma yao honi zikaanza.

"Baba Yi-hsin! Tuko katikati sasa! Usiogope, nimekushika!"

"Mama, usimwite."

"Nini?"

"Usimwite, mama, nakuomba. Hayumo humo. Ni makaa."

Juu ya daraja lile hakuna pa kusimama. Gari likaendelea kwenda katikati ya pikipiki, na Inspekta Shih akasema bila kugeuka, "Sema yote."

"Ni makaa ya jikoni. Nimeyasaga mwenyewe, hotelini." Sauti ya Yi-hsin ilikuwa inakatika. "Baba ana mwanamke kule. Wana binti, yuko shule. Kabla hajafa aliniambia kwa simu, 'Usinirudishe. Kwangu ni hapa.' Nilipofika walikuwa wameshammwaga kwenye mto, nyuma ya kiwanda. Nikuambieje, mama? Umeshanunua nafasi ya wawili."

Bi Kang alilipapasa jina lililochongwa kwenye kifuniko.

"Kwa hiyo ukanunua mtungi," alisema Inspekta.

"Nikachongesha jina. Nilikuwa namletea hivyohivyo, afande, nafsi yangu imeshakubali. Kisha yule mzee akaanza kuita. Kila daraja anaita, kwa heshima, kama anamwita baba yake. Nami nikamwona mama. Nikamwona anayafukizia makaa ubani kila asubuhi, mpaka siku analazwa kando ya makaa. Nikashindwa. Nikashuka, nikautupa mtoni, nikavuka kwa miguu."

"Na huwezi kufika nyumbani mikono mitupu bila mwizi."

"Ndiyo."

"Ukamchagua aliyemwita baba yako."

"Hata jina lake sikulijua. Nilidhani hamtampata. Nilidhani mama atalia kama mjane aliyeibiwa, basi. Si kama mke..."

"Aliyeachwa," alimalizia Bi Kang.

Mtungi ulikuwa bado mapajani mwake. Aliendelea kuushika, kwa kuwa hakujua auweke wapi.

Kituoni Fu aliivunja lakiri mbele ya mashahidi. Mtungini mlikuwa na unga mweusi, na vipande vya makaa vilivyokataa kusagika. Yi-hsin alitia saini maelezo yake bila kuyasoma.

"Kusingizia mtu wizi ni jinai," Inspekta alimwambia. "Kesho unakwenda kwa mwendesha mashtaka."

"Kesho?" aliuliza Bi Kang.

"Kesho, mama."

"Basi leo bado ni wangu."

Akamkamata mwanawe mkono wa shati, akamkokota hadi kwenye ngazi za nje, mbele ya kamera zote. Mzee Tu, aliyekuwa ameachiwa dakika ile, alikuwa anahangaika kupita pembeni asionekane.

"Wewe mzee, simama hapo," alisema Bi Kang. "Na wewe, magoti."

Yi-hsin akapiga magoti.

"Sema."

"Mzee huyu hakuiba."

"Wale wa nyuma hawasikii!"

"Mzee Tu hakuiba kitu! Mimi niliutupa mtungi. Mimi nilimsingizia!"

"Tena. Na jina lake lote."

Akasema tena, na jina lote. Mzee Tu alisikiliza akiwa ameshika kofia kifuani. Hakusema amesamehe.

"Stika yangu," alimwambia Inspekta.

"Nimeshawapigia. Wanakurudishia leo."

"Nibandikiwe palepale waliponibandulia. Wenzangu wakiwepo."

"Nitakuja mwenyewe kusimamia."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Alimtazama Bi Kang kana kwamba ana neno, akalimeza, akainama kidogo, akaenda kwenye gari lake. Ilikuwa saa ya kumpeleka mkewe hospitali.

Waandishi walimkimbilia. Ngazi zikabaki na mama na mwana, na Inspekta mlangoni akiwa na pingu ambazo hakuwa na haraka ya kuzifunga. Bi Kang alikaa kwenye ngazi, kando ya mwanawe.

"Huyo mwanamke anajua kupika?"

"Anajua, mama."

"Baba yako alikonda?"

Yi-hsin alisita. "Hapana. Alinenepa."

"Alinenepa." Bi Kang alilirudia neno hilo taratibu. "Na mimi kila mwaka mpya namtumia soseji na uyoga mkavu. Nasema maskini, huko ale nini." Alitazama pikipiki barabarani. "Na binti? Amefanana naye?"

"Masikio tu."

"Masikio yale makubwa?"

"Yaleyale, mama."

"Maskini mtoto," alisema Bi Kang.