Na Vyote Vilivyomo

Friji ilishushwa kutoka kwenye pikapu mchana, jua la mji wetu wa Pasir Mas likichoma visogo, na ndani yake mlikuwa na baridi. Haikuwa imeguswa na umeme tangu alfajiri. Zaleha aliingiza mkono kwenye chumba cha barafu akautoa haraka, vidole vimekufa ganzi.

"Baba Humaira," alimwita mumewe, "hii mbona inagandisha bila umeme?"

Rosdi alitabasamu kama mtu aliyesifiwa mbele ya wakwe.

"Mpira wa mlango huo. Ukifunga, umefunga. Siyo yale mabati yenu ya dukani."

Rosdi alikuwa dereva wa gari la wanafunzi, na kama wanaume wengi wa kwetu wasiojua kukaanga hata yai, alijiona bingwa wa vyombo vya jikoni. Friji ya zamani ilipokufa, Zaleha alitaka mpya, ndogo, yenye dhamana ya duka. Alikuwa na sababu. Alishona sare za shule kiwandani Kota Bharu, na binti yao Humaira alikuwa bado wa kunyonya. Maziwa ya kopo yalimtapisha na kumtoa vipele mwili mzima, hivyo mama yake alikamua ya kwake asubuhi nyumbani na mchana kazini, akayatia kwenye vifuko na kuyagandisha. Bibi wa mtoto, Mek Som, aliyapasha moto akamnywesha siku nzima. Hiyo friji ilikuwa ziwa la pili la yule mtoto. Siku ilipozima, akiba yote iliyeyuka ikachacha, na Zaleha aliimwaga kwenye sinki huku akilia kwa sauti.

Tangu hapo maziwa yake yalipungua. Kiwandani yalitoka kwa hila moja tu: aliiweka simu sikioni, akasikiliza kilio cha Humaira alichokirekodi, na kifua kikaitikia. Bila kile kilio hayatoki hata tone. Wenzake walimcheka, na yeye alicheka nao.

"Nataka yenye dhamana," alimwambia mumewe. "Ikizima tena, mtoto atakula nini?"

"Dhamana ni karatasi, mama. Utamnywesha karatasi?"

Basi Rosdi akazunguka mji mzima na kipande cha gazeti mfukoni. Alikibana kwenye mlango wa kila friji iliyotumika, akakivuta. Kikitoka kirahisi, aliguna akaondoka. Aliweka sikio mgongoni mwa friji kama daktari. Aliuliza kama radi iliwahi kupiga ile nyumba. Alichosha watu mpaka wauzaji wakawa wanajificha wakimwona. Mwishowe alifika kwa ajuza mmoja aliyeishi peke yake karibu na reli, Bibi Selamah, mwembamba kama ufagio, kidole gumba cha mguu wake wa kulia kimefungwa kitambaa chenye damu mbichi. Friji yake ilikuwa na milango miwili, nyeupe, tupu, na gazeti lilipobanwa halikutoka hata kwa kuvutwa na mikono miwili.

Bibi Selamah hakubishana bei. Alitaka jambo moja tu, kwamba mauzo yatamkwe sawasawa. Hilo halikumshangaza Rosdi. Kwetu hata kuku hauzwi mpaka wawili watamkiane, huyu nauza, yule nanunua, ndipo mali ihame mkono kwa halali. Bibi alimshika kiganja.

"Nauza friji hii na vyote vilivyomo," alisema.

"Bibi, humu si mna hewa tu?"

"Tamka, mwanangu."

"Haya. Nanunua friji hii na vyote vilivyomo!"

Aliyasema kwa sauti ya utani. Ajuza akakaa chini sakafuni papo hapo, akaanza kufungua kile kitambaa cha kidoleni taratibu, machozi yakimtoka. Rosdi alidhani ni uzee.

Siku za kwanza ilikuwa furaha tupu. Vifuko viliganda vikawa kama mawe. Kisha Mek Som alianza kusema jikoni kuna harufu, siyo ya uvundo, ila ya utosi wa mtoto mchanga, na Humaira alikuwa amelala chumbani. Halafu vifuko vikaanza kuwa vitupu. Havikuchanika wala kuvuja. Vilikuwa vimefungwa vilevile Zaleha alivyovifunga, vimekunjamana, na ndani hamna hata unyevu.

"Mama," Zaleha alimwambia mkwewe, akijaribu kutopandisha sauti, "kama unayamwaga, niambie tu."

Mek Som aliweka chini bakuli la budu, mchuzi wa samaki waliochachushwa.

"Niyamwage kwa nini? Nimelea saba mimi."

"Si ulisema maziwa ya friji ni ya maiti?"

"Nilisema! Nikayapasha, nikamnywesha mjukuu wangu! Leo nimekuwa mwizi wa maziwa, kwa uzee huu?"

Walinuniana mpaka wakawa wanapikia vyungu tofauti. Rosdi, badala ya kupatanisha, alibana gazeti lake mlangoni mwa friji, akalivuta, akatangaza kwamba mpira ni mzima, kasoro iko kwa watu. Humaira akawa anakonda. Mapaja yaliyokuwa na mikunjo yakanyooka, na kilio chake kikapungua nguvu, jambo lililomtisha mama yake kuliko kilio chenyewe.

Zaleha akaomba ruhusa kazini, akabaki nyumbani bila kumwambia mtu ila mkwewe. Waliketi wote wawili sakafuni jikoni mchana kweupe, wakiwa hawajapatana bado, kila mmoja ameegemea ukuta wake. Friji ilinguruma. Nje jirani alikuwa akikuna nazi. Kisha mota ikazima kama zinavyozima zote, na katika ule ukimya wakasikia.

"Mama," Zaleha alinong'ona. "Unasikia?"

"Nyamaza."

"Kuna kitu kinanyonya."

"Nyamaza, binti yangu, nakuomba."

Zaleha alisimama. Alivuka jikoni akiwa peku, na kila hatua ile sauti ilizidi kuwa wazi, sauti anayoijua mama yeyote aliyewahi kulaza mtoto kifuani, ya ulimi mdogo na kaakaa na kumeza, na pumzi fupi ya puani katikati, na baridi ikawa inamtambaa kutoka nyayoni kwenda juu ingawa mlango ulikuwa bado umefungwa, na alipouvuta haukufunguka, ukang'ang'ania kama lile gazeti la Rosdi, kisha ukaachia wenyewe, taratibu, kana kwamba umesukumwa kutoka ndani. Kwenye rafu ya chini, kati ya ulam, majani yetu ya kuliwa mabichi, na biringanya, alikuwa amekaa mtoto. Ukubwa wake ni wa mtoto aliyezaliwa jana, ngozi yake rangi ya samaki aliyekaa sana kwenye barafu, kichwa kipana, na macho ya mtu mzima aliyechoka. Kifuko kilikuwa mdomoni. Alimwangalia Zaleha bila kuacha kunyonya. Alipomaliza, alilia kidogo, kilio kifupi cha kuomba.

Na kifua cha Zaleha kikaitikia. Maziwa yaliyokuwa yakibembelezwa kwa simu yakatoka yenyewe, mengi, yakalowesha blauzi mpaka kiunoni.

Mek Som aliuona ule unyevu kabla ya kumwona mtoto. Alipiga yowe lililomleta jirani mlangoni na kibao cha mbuzi mkononi.

Mwenye kujua mambo haya pale kwetu ni Mzee Deraman, anayesomea maji na kuwaombea dua wagonjwa. Alikuja jioni, akanusa jikoni, akaangalia vile vifuko, akamgeukia Rosdi.

"Friji hii umeitoa wapi?"

Rosdi alieleza. Alipofika kwenye kile kidole chenye damu, mzee alifumba macho.

"Huyo ni toyol. Jini la kitoto. Mtu huwafuga ili wamwibie vitu vya watu, na ujira wao ni kunyonya damu ya kidole gumba. Ajuza amechoka kunyonywa, akatafuta mjinga wa kumpokea. Na wewe ukatamka."

"Nilikuwa natania, mzee."

"Wao hawajui utani. Lakini mauzo hayo yana kasoro. Umeuziwa usichokijua. Tutayavunja."

Hapo Zaleha alipumua kwa mara ya kwanza tangu mchana. Mzee alisoma mpaka sauti ikamkauka, akanyunyiza maji ya ndimu na chumvi, akaifunga friji kwa kamba, na kesho yake asubuhi wakaipeleka wote karibu na reli. Mek Som alibaki na Humaira.

Bibi Selamah nusura Rosdi asimtambue. Alikuwa amenenepa mashavu. Amevaa viatu, viatu vya kufunika, alivyokuwa hajavaa labda tangu ujana wake.

"Nimekuja kurudisha," Rosdi alisema. "Kitu kina kasoro uliyoificha. Mzee shahidi."

Ajuza alirudi nyuma. Alijaribu kufunga mlango, Mzee Deraman akaweka mguu.

"Bibi, haki ni haki. Pokea chako."

"Nitakufa nacho. Nitakufa nacho, mnajua?" Alikuwa ananong'ona. "Hebu... hebu nikione kwanza."

Alifungua kamba, akauvuta mlango. Ulifunguka kirahisi. Hewa ya moto ikatoka, harufu ya mpira wa zamani na kutu. Aliingiza kichwa chote ndani. Alipokitoa, woga ulikuwa umemtoka usoni, na badala yake ukaingia mshangao, kisha akaanza kumtazama Zaleha, hasa kifuani.

"Hamna kitu humu," alisema. "Mmeniletea kabati."

"Nimemfunga mimi mwenyewe," Mzee Deraman alisema.

"Umefunga friji, mzee. Binti, amekula nini kwako?"

Zaleha alijikumbatia.

"Mimi nilimpa damu maisha yangu yote," Bibi Selamah alisema, "na damu ya kidole haina undugu. Nilikuwa bosi wake tu, ndiyo maana niliweza kumuuza. Wewe umempa maziwa?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Umempa maziwa! Mara ngapi? Mara tano zimeshapita zamani, eh? Oh, mama maskini. Umemzaa!"

Kila mmoja pale alijua sheria ya dini. Aliyeshiba maziwa yako mara tano ni mwanao, hata kama yalikamuliwa kwenye chombo, na ni ndugu wa mwanao uliyemzaa. Zaleha alimgeukia Mzee Deraman. Mzee alikuwa akiangalia chini, akikunja kamba yake.

"Mzee, sema kitu. Sheria ile ni ya watu. Yule si mtu."

"Sijui mashehe wangehukumuje juu ya hili, binti yangu. Ila majini wanaishika kuliko sisi."

"Basi mtoe! Si ulisema unatoa?"

"Natoa mgeni aliyeingia nyumba ya watu," alisema kwa huzuni. "Mtoto simtoi kwa mama yake. Hata nikisoma mwezi mzima, kila akisikia njaa atarudi. Na ukimnyima..." Alichungulia mguu wake mwenyewe, kidole gumba, akaondoka bila kuaga. Zaleha alielewa yule kiumbe angefuata kidole cha nani, kidole kidogo kisichozidi njegere.

Rosdi alinunua friji mpya jioni ya siku hiyo. Ndogo, ya dukani, yenye dhamana. Hakubana gazeti mlangoni. Aliibeba mwenyewe begani mpaka jikoni, akaichomeka, akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja kitu.

"Umefurahi, Mama Humaira?" aliuliza.

Mek Som alikuwa amekaa kitandani na mjukuu wake, amemvalisha soksi mbili kwa kila mguu, akiwa ameishika ile miguu kwa viganja vyote viwili. Zaleha alikaa kando yao, akafungua vifungo. Humaira alilia. Kilikuwa kilio chembamba, chenye haki zote, kilekile cha kwenye simu. Zaleha alimweka ziwani akasubiri. Alimwimbia. Alifumba macho akavuta fikra za kila kitu kinachomlainisha mama. Humaira alivuta, akavuta, akaliachia ziwa akalia tena, na kifua kilibaki kikavu kama kitambaa.

"Muda tu," Mek Som alinong'ona, uso wake umeloa. "Mpe muda, mwanangu. Yatakuja."

Jikoni mota ya friji mpya ilizima. Nyumba ikanyamaza. Katika ukimya ule kitu kilikohoa kidogo nyuma ya mlango wa friji, kisha kikalia, kilio kifupi cha kuomba.

Maziwa yakaja. Yalikuja yote kwa pamoja, yakilowesha blauzi, yakidondoka kwenye shuka, na Humaira alipojaribu kuyawahi kwa mdomo yalikatika, na alipogeuza uso yalitoka. Zaleha alimwangalia mkwewe. Alitaka Mek Som amshike, amfunge, ampige kofi, afanye lolote. Mek Som alikuwa ameishika miguu ya mtoto na hakuweza kuiachia.

Zaleha alimlaza Humaira shukani akiwa analia. Alisimama, akashika blauzi yake maziwa yasidondoke sakafuni.

"Nakuja, mwanangu," alisema, akaelekea jikoni.