Jiwe la Tairi la Nyuma

Bibi mmoja mshonaji alikutwa amebanwa kati ya geti na bampa ya nyuma ya gari kubwa lililoinuka, la miaka mingi. Ilikuwa saa kumi kasoro robo, mchana kweupe. Alikuwa ameshakata roho, na ndani ya gari hakukuwa na mtu.

Inspekta alichungulia garini kabla ya kumsikiliza yeyote. Ufunguo haupo. Injini imepoa. Gia iko kwenye P, ya kuegesha.

"Nani aliliegesha?"

"Mdogo wangu," mwenye gari akadakia. "Ndiye dereva wangu. Kila siku namwambia, papara zako zitatuletea msiba."

Mdogo mtu alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. "Kaka, niliweka P. Na jiwe nikaweka."

"Jiwe gani tena? Afande, huyu amechanganyikiwa."

Kijana akatiwa pingu. Inspekta hakuridhika. Alipanda mteremko wa ua mpaka pale gari lilipokuwa limeegeshwa kabla ya kuteleza, akachuchumaa. Nyuma ya alama ya tairi palikuwa na kibonyeo cha ukubwa wa mkate, kigumu kama kimepigwa nyundo. Kitu kizito kimekandamizwa pale kila siku, muda mrefu.

Akamwita fundi gari wa mtaa ule. Fundi akaingia uvunguni, akatoka anatikisa kichwa.

"Hili nalijua, afande. Magari haya yakizeeka, wenye nayo wanakuja na kilio kimoja. Gia inachelewa kushika. Halafu inapiga teke. Mwisho unaweka P na giaboksi haifungi, meno yameliwa. Nilimwambia mwenye gari mara tatu. Hendibreki nayo ni pambo tu."

"Akakujibu nini?"

"Kwamba lina jiwe."

Inspekta akaingia ndani kwa mke wa mwenye gari.

"Mama, jiwe la gari liko wapi?"

"Si liko bafuni! Nimelikuta saa tisa, nikamwuliza mume wangu, baba, hili ndilo umeniletea la kusugulia miguu? Kwani umeoa tembo? Hata hakucheka."

Jiwe lilikuwa pale, nyuma ya ndoo. Upande mmoja ulikuwa na weusi wa mpira wa tairi.

Kituoni, Inspekta aliliweka mezani. Mwenye gari akatazama ukutani.

"Gari lilioshwa leo. Nani alikuwa anakuja?"

"Mgeni tu."

"Mgeni wa nini?"

Mwenye gari akajifanya anafunga kifungo cha shati.

"Sawa. Cherehani ya mshonaji iko pembeni ya geti, hatua sita. Gari lisingemgusa. Lakini yeye aliinuka akalifuata. Unajua kwa nini?"

"Sijui, afande."

Inspekta akaweka kandambili moja ya njano kando ya jiwe. Ndogo, ya mtoto wa miaka minne.

"Hii ilikuwa chini ya bampa. Binti yako ana michubuko magotini. Ulimwuliza ameipatia wapi?"

"Nilidhani... ameanguka."

"Amesukumwa. Ameniambia mwenyewe: bibi mshonaji kanisukuma, halafu hakuamka."

Mwenye gari alishika ile kandambili.

"Ni mimi. Mnunuzi alikuwa aje saa kumi. Akiona jiwe chini ya tairi, lazima angeuliza. Nikalitoa. Gari likatulia, afande! Nikasema, ni saa moja tu, litanisitiri."

"Na mdogo wako ukamtosa."

"Hana mke, hana mtoto. Niliona atavumilia."

Inspekta akaita askari. "Mfungulieni yule kijana." Kisha akamgeukia tena. "Huyo mnunuzi ungemwambia nini?"

"Kwamba gari halina shida. Kwamba hata wanangu nawapakia humo."

"Yeye ana watoto?"

Mwenye gari aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

"Watatu. Alisema anataka gari la kuwapeleka shule."

Nyie wenye magari haya, na nyie mnaotaka kuyanunua: jioni ya leo tazameni nyuma ya tairi. Mkikuta jiwe, liacheni hapohapo, kisha mwiteni mtoto aingie ndani, na kesho asubuhi mleteni fundi.