Ubao Uliopimwa kwa Mkono Mwingine

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Haika alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kumfunga kaka yake Kelvin vifungo vya shati. Ya pili ni kumwekea mrija kwenye kikombe cha chai, maana Kelvin hakuweza tena kukishika. Kisha humuuliza, "Umeamkaje, kaka?" Na Kelvin, mzaliwa wa London aliyekielewa Kiswahili lakini akapenda kujibu kwa Kiingereza, husema, "I'm fine."

Uzima wenyewe uko wapi! Kelvin alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu utotoni ugonjwa ulikuwa ukimla misuli. Ulianza na miguu, ukamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Sasa ulikuwa umefika mikononi. Mama yao, Eufrasia, ambaye alihudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Barking, mashariki mwa London, alimwambia kila siku, "Fanya mazoezi, mwanangu. Vidole vitarudi."

Vidole havikuwa vya kurudi, na Haika alijua. Siku moja alitoka shule mapema, akamkuta mama jikoni akilia kwenye simu, akimweleza dada yake aliyeko Moshi kwamba daktari amekata tamaa na vidole vile. Mama alipogeuka na kumwona, alimshika bega.

"Kaka yako asijue," alisema. "Mgonjwa havunjwi moyo. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

Ndivyo ilivyokuwa katika ukoo wao. Habari mbaya ilizunguka nyumba nzima, Moshi hadi Barking, lakini chumbani kwa mgonjwa haikuingia.

Kilichomuuma Kelvin kuliko vyote ni gemu. Kila Jumamosi alizoea kucheza mpira wa kwenye runinga na rafiki yake Rajab, aliyekaa Wembley, kila mmoja akiwa nyumbani kwao. Mle hakukuwa na kiti cha magurudumu. Kelvin alikimbia na kufunga mabao kama watu wengine. Aliposhindwa kuishika padi ya kuchezea, alimwambia Rajab kwamba imeharibika. Wiki zikapita, na Rajab akaanza kuchoka kuuliza.

"Nikimpoteza Rajab," Kelvin alimwambia Haika, "nitabaki na wewe, mama na dari."

Maneno hayo yalimchoma Haika. Akashuka ghorofa ya chini kwa Mzee Tarsem, Singasinga mzaliwa wa Arusha aliyekuwa na chumba kizima cha vifaa vya umeme.

"Shikamoo, mzee. Nataka kumtengenezea kaka ubao wa vitufe, kama zile mashine za gemu za kwenye kumbi za michezo."

"Marahaba, binti. Lete padi yake."

Mzee Tarsem alimfundisha kuifungua padi, kukwangua rangi ya bamba la ndani kidogo hadi shaba ionekane, na kulehemu waya mwembamba mahali pa kila kitufe. Waya mmoja wa mwisho ulikuwa wa vitufe vyote kwa pamoja. Nyaya hizo zingeunganishwa na vitufe vipya kwenye ubao. Ukibonyeza cha ubaoni, mashine hudhani umebonyeza cha padi.

"Lakini kabla ya kutoboa ubao, kampime kaka yako mkono," alisema mzee. "Ubao hupimwa kwa mkono wa mchezaji, si wa fundi." Akamwonyesha vitufe vya aina mbili, vidogo kama sarafu na vikubwa kama kisahani cha chai. "Vidole vikiwa dhaifu, chukua hivi vikubwa. Atabonyeza hata kwa kiwiko."

Haika alivitazama vile vikubwa akaogopa. Kelvin akiviona tu, atajua kwamba vidole vyake vimeshakatiwa tamaa.

"Vidole vyake vitarudi, mzee," alidanganya. Akachukua vidogo. Matundu akayapima kwa mkono wake mwenyewe.

Aliungua kidole. Waya wa pamoja ulilegea na ubao mzima ukafa, ikabidi aulehemu upya. Hata hivyo, Jumamosi ilipofika, aliuweka ubao mapajani mwa Kelvin, vitufe vikimeta. Mama alisimama mlangoni akiwa na sare yake ya kazi, akitabasamu. Kelvin alimpigia Rajab kelele za furaha: amepata mashine mpya!

Mchezo ukaanza. Kidole cha Kelvin kiliteleza juu ya kitufe bila kukizamisha. Akakokota kiganja kizima, vitufe vitatu vikazama pamoja. Mchezaji wake alibaki katikati ya uwanja akizungukazunguka. Rajab akafunga, akafunga tena.

"Kel, unanitania?" sauti yake ilitoka kwenye runinga. "Cheza basi!"

Kelvin aliinama ajaribu kwa kidevu, akashindwa. Akamwambia Rajab mtandao ni mbovu, akamwomba Haika azime.

"Ni uchovu tu, mwanangu," mama aliharakisha kusema. "Mazoezi kidogo na—"

"Mama, acha." Safari hii alisema kwa Kiswahili. "Haika, ulipima kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Kwa nini?"

Haika alimtazama mama. Macho ya mama yalimsihi anyamaze. Akautazama mkono wa kaka yake uliolala juu ya vitufe, akashindwa kunyamaza.

"Kwa sababu ningeweka vikubwa, ungejua. Daktari alisema vidole havitarudi. Nilijua, kaka. Nisamehe."

Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Kelvin hakushtuka.

"Nimejua tangu Pasaka," alisema. "Vidole ni vyangu, mama. Nani angejua kabla yangu? Nilinyamaza ili usilie."

Machozi yalimtoka, na hakuweza kuyafuta. Mama alipiga magoti akamfuta kwa mkono wa sare yake, naye akalia waziwazi mbele ya mwanawe kwa mara ya kwanza.

"Haya," Kelvin alisema mwishowe, "sasa nipimeni."

Haika alichora kwa penseli mahali kifundo cha mkono wa kushoto kilipofika, na mahali kiwiko cha kulia kilipoishia. Kisha akashuka chini.

"Mzee, nilikudanganya. Naomba vile vikubwa."

Mzee Tarsem hakumgombeza. "Basi shika msumeno, tukate ubao mwingine," alisema.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya mchezo, Kelvin alimweleza Rajab kila kitu.

"Kwa hiyo wiki jana nilijisifu kumfunga mtu asiye na vidole?" Rajab alisema. "Aibu yangu. Haya, anza."

Kelvin alifungwa tena siku hiyo. Lakini bao moja lilikuwa lake, la kifundo cha mkono, na alilishangilia hadi jirani akagonga ukuta.

Jioni mama aliwaita wote wawili mezani.

"Ugonjwa huu hautaondoka," alisema, "na utatuletea mengine. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kazini nawaambia wazee wa watu ukweli wa miili yao, nyumbani kwangu nikauogopa. Nilidhani uongo wangu ni dawa, kumbe ulimnyima mwanangu msaada. Haika, nilikufundisha vibaya, nawe ukanisahihisha. Tangu leo, habari ikija humu ndani, Kelvin ataipata wa kwanza."

Asubuhi yake Haika aliingia na chai na mrija.

"Umeamkaje, kaka?"

"Vibaya," Kelvin alijibu. "Bega la kulia linauma."

Haika akaweka kikombe chini, akamsogezea mto upande wa kulia, kisha akaanza kumfunga vifungo taratibu.