Geti Kipofu la Ghala la Saumu

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la vipuri, Katesh.

Evarist aliweka mezani mota ya zamani, sawa na ya geti la ghala la tajiri wa vitunguu saumu, akaifungua kisogo. "Kisahani hiki kina matundu. Mota ikizunguka, nacho kinazunguka. Taa huku, jicho kule. Kila tundu likipita, jicho linahesabu. Hesabu inasema geti limefika wapi. Matundu yakipita haraka, geti linakimbia. Yakizubaa ghafla, limegonga kitu. Linarudi nyuma."

"Tukikilegeza?" Isidori aliuliza. Yeye ndiye bosi. Bastola ilikuwa yake.

"Hesabu inabaki palepale. Simu ya tajiri inaonyesha limefungwa, kumbe liko wazi. Ila linakuwa kipofu. Likimkuta mtu, linasukuma tu."

Isidori aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeelewa.

Joakimu, mwenzao wa tatu, hakuyasikia maneno hayo. Alikuwa nje, anafunga turubai la lori, Fuso. Msimu mzima alibeba magunia kwenye ghala lile, na tajiri akampimia Yusta, mke wa Joakimu, vitunguu saumu vyao vya kijiji cha Daudi kwa mzani uliochezewa. Yusta ni dada yake Evarist. Ni kwa hasira hiyo Evarist alikubali wizi huu.

Saa nane mchana. Tajiri yuko mnadani.

Evarist aliruka ukuta, akalegeza skrubu ya kisahani, akalifungua geti. Isidori alimfunga mlinzi kamba, akachukua rimoti yake. Wakapakia hadi Fuso ikainama.

"Nalitoa gari, mje," Isidori alisema.

Fuso ilitoka. Geti likaanza kujifunga.

"Anatufungia," Joakimu alisema, akakimbia. Alishaliona likimgusa mbuzi na kurudi nyuma. Akaingiza bega kwenye upenyo, akangoja lirudi.

"Joakimu, toka hapo!" Evarist alipiga kelele.

Geti halikurudi. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Evarist aliirukia mota, akavuta wenzo wa kuliachia geti. Joakimu alianguka, damu inamtoka mdomoni.

"Isidori alijua," Evarist alisema. "Nilimfundisha mwenyewe."

Uwazi ulitosha mtu mmoja kukimbia. Hakukimbia. Alimfungua mlinzi, akamwambia apige simu hospitali, kisha polisi. Akavua shati, akaufunga mkono wa shemeji yake.

Polisi walifika pamoja na gari la wagonjwa.

"Shikamoo, afande," Evarist alisema, mikono tayari mbele.

"Marahaba. Mwenzenu yuko wapi?"

"Barabara ya Singida. Fuso nyeupe, turubai la bluu. Ana bastola." Alitema mate vumbini. "Hana wenzake tena."