Sabato ya Truphena

Kila Ijumaa alasiri, katika jengo lao mtaani Al-Mahjar, Jeddah, Truphena alichambua mboga huku mama yake, Rosebellah, akikanda unga wa chapati. Walikuwa Wasabato kutoka Kisii. Jumamosi hawakupika wala kufua.

Jumamosi moja majirani walipanda darini kufua mazulia, kila mtoto na ndoo yake. Truphena alibaki ndani.

"Wanashika Sabato," Arwa, binti wa jirani Mzanzibari, aliwaambia wenzake. "Mayahudi hao."

Tangu hapo, Truphena akipita ngazini, watoto walikusanya nguo zao asiwaguse. "Yalla, twendeni, Yahudi huyo," alisema Hamdan, mmoja wao, wenziwe wakacheka. Arwa, aliyezoea kusukana naye nywele, aligeuza uso. Kwa wiki tatu Truphena alirusha mpira ukutani, na ukuta ndio uliomrudishia.

Ijumaa moja alishindwa kuvumilia. Aliwakuta mlangoni kwa akina Arwa.

"Mimi si Myahudi," alisema. "Wayahudi ni watu wabaya. Wachukieni hao. Kesho nitafua na nyinyi, mtaona."

Mama yake alikuwa akipanda ngazi, bado amevaa sare ya uuguzi. "Myahudi gani amekukosea, Truphena?"

"Simjui hata mmoja, mama."

"Basi usimpake tope ili wewe utakate. Na kesho hufui."

Mlango ukafunguka. Bi Wahida, mama yake Arwa, alikuwa amesikia yote. "Nani kaanza maneno haya?"

"Mimi, mama," Arwa alisema polepole. "Nilikasirika kwa kuwa hakuja kunisaidia kufua zulia letu."

Bi Wahida aliketi kwenye ngazi. "Mwaka wa sitini na nne, kule Unguja, bibi yako alifukuzwa nyumbani kwake. Hakuna aliyemuuliza kafanya nini. Walimwita Mwarabu, ikatosha. Na Ulaya, kabla ya hapo, Mayahudi waliuawa kwa mamilioni, hata watoto wa umri wenu, kwa kuwa ni Mayahudi tu. Mambo hayo huanza kwa kicheko cha ngazini kama hiki."

Arwa alianza kulia.

"Futa machozi," mama yake alisema. "Uliyamwaga maneno mlango kwa mlango, kayazoe mlango kwa mlango. Wala usiwaambie kwamba Truphena si Myahudi. Waambie tumemkosea jirani."

Arwa alimgeukia Truphena. "Nisamehe. Utanisindikiza?"

Truphena alisita, kisha akamfuata. Walipobisha hodi mlango wa kwanza, Rosebellah aliwaambia watoto waliobaki, "Mpimeni mtu kwa matendo yake. Dini yake si kosa."